PhD Kwanza au Safari Kwanza: Mjadala wa Mwanza

Uamuzi wa kusoma shahada ya uzamivu kabla ya kuhamia ughaibuni kikazi huwakabili zaidi watu wa miaka 27 hadi 35 wenye shahada ya kwanza au ya uzamili, wenye ajira inayoeleweka, ambao wameshaanza kuulizia njia ya kutoka. Mwanza haikosi watu hao. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichotokana na taasisi ya mafunzo ya Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Kilimani Bugando kuna hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na pamoja nayo chuo kikuu cha sayansi za afya, CUHAS. Mjini humo humo kuna vituo vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, chuo cha uvuvi cha Nyegezi, maabara za viwanda vya minofu ya sangara, na mabenki yanayoajiri watakwimu na wahasibu. Katika kila sehemu hiyo yupo mtu mwenye vyeti vyake kwenye bahasha, anayejiuliza aongeze kimoja kikubwa kabla ya kuondoka au aondoke navyo hivyo hivyo.

Mjadala unafuata sauti tano zinazosikika zaidi kila suala hili linapozungumzwa kando ya ziwa: mhadhiri, mtakwimu, tabibu, mtafiti wa samaki na mama mzazi. Hazina majina, kwa kuwa kila moja inabeba msimamo wa watu wengi.

Mhadhiri ndiye mtetezi wa kusoma kwanza. Hoja yake inaanzia kazini kwake. Katika vyuo vikuu vya Tanzania mwenye uzamili huajiriwa kama mhadhiri msaidizi, na PhD ndiyo inayomvusha kuwa mhadhiri kamili. Kutoka hapo ngazi za mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa hupandwa kwa machapisho. Nje mambo hayatofautiani sana: chuo kikuu cha Gaborone, Muscat au Leipzig kikitangaza nafasi ya kudumu ya kufundisha, sharti la kwanza kwa kawaida ni PhD. "Kijana wangu," humwambia mtakwimu, "ukifika kwa watu na uzamili utapewa kazi ya kusaidia. Ukifika na PhD utapewa somo la kusimamia."

Ushahidi wake hautoki mbali. Visiwa vya Ukerewe, safari ya saa chache kwa meli kutoka Mwanza, vimetoa waandishi wawili waliofuata njia hiyo hiyo. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, alisoma Makerere, akapata PhD Sorbonne mwaka 1969, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akahamia Marekani na kufundisha Hampton na baadaye Chuo Kikuu cha Georgia. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kusoma seminari ya Nyegezi, alipata PhD Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985. Alirudi kufundisha Dar es Salaam, na katika miaka ya 1990 akahamia Chuo Kikuu cha Botswana, alikofanya kazi kwa miaka mingi hadi karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 2020. Upande wa magharibi wa ziwa yupo Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba. PhD yake ni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sweden, Uppsala. Alifundisha uchumi Dar es Salaam kabla ya kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, jijini Nairobi, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010.

Mhadhiri huona katika maisha hayo matatu jambo moja: PhD ilitangulia, kazi ya nje ikafuata, na kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Mtu makini huona na jambo la pili ambalo mhadhiri hulipita haraka. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma PhD ili apate kibali cha kuhama. Wote walirudi Dar es Salaam kwanza, wakafundisha, wakaandika, na nchi za nje ziliwapokea kwa kazi yote hiyo waliyokuwa wameifanya. Cheti kilikuwa sehemu moja tu ya sifa zao.

Mtakwimu anajibu kwa hesabu. "Mwalimu, wazee hao walikwenda kufundisha. Mimi siendi kufundisha. Nataka kazi ya takwimu kwenye kampuni, na wanaonipokea hawaniulizi cheti peke yake, wananiuliza na umri." Mfano wake ni Kanada, ambayo huchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Kwa mwombaji asiye na mwenzi, shahada ya kwanza ina alama 120, uzamili 135 na PhD 150. Umri nao una alama zake: aliye kati ya miaka 20 na 29 hupata 110, wa miaka 30 hupata 105, na kuanzia hapo kila mwaka hukata alama tano au sita, hadi mwenye 35 anabaki na 77 na mwenye 40 anabaki na 50. Afikapo 45 hana kitu.

Hesabu hiyo inafaa ifanywe kwa kalamu na karatasi. Mtakwimu wa miaka 30 mwenye uzamili ana 105 za umri na 135 za elimu, jumla 240. Akibaki Mwanza miaka mitano kusoma PhD na kuomba akiwa na 35, atakuwa na 77 na 150, jumla 227. Amesoma miaka mitano na amepoteza alama 13. Mwenye shahada ya kwanza tu hupanda kutoka 225 hadi 227, alama mbili kwa miaka mitano ya jasho. Australia inatoa jibu lile lile kwa njia fupi zaidi: PhD huongeza alama tano juu ya shahada nyingine, na kuvuka miaka 32 huondoa alama tano.

Kisha mtakwimu anataja kitu ambacho wengi hukidharau, nacho ni mtihani wa Kiingereza. Katika alama za Kanada, mwombaji aliyepata 6 kila sehemu ya IELTS hupewa alama 68 za lugha. Akifikisha 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, hupewa 124. Mwenye uzamili huongezewa hapo alama nyingine 25, kwa kuwa elimu na lugha huhesabiwa pia kwa pamoja. Ongezeko lote ni alama 81, kwa maandalizi ya miezi kadhaa na ada ya mtihani. PhD juu ya uzamili huongeza 15. Kwa mtu ambaye lengo lake ni kuhama kwa njia ya alama, mjadala ungeweza kuishia hapa, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu wenye akili nzuri huingia kwenye masomo ya miaka mitano bila kuwahi kuiona hesabu hii.

Mhadhiri hanyamazi. Anasema alama humfikisha mtu uwanja wa ndege tu. Baada ya hapo kuna mwajiri asiyemjua, anayetaka uzoefu wa huko, na mhamiaji mwenye uzamili anaweza kujikuta miaka miwili ya kwanza akipanga bidhaa ghalani. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini dawa yake si lazima iwe PhD ya nyumbani, kwa sababu mwajiri asiyeamini uzamili wa Tanzania hana sababu kubwa ya kuiamini PhD ya Tanzania. Kwa kampuni nyingi PhD huzua hata wasiwasi kwamba mwenye nayo atataka mshahara mkubwa au atachoka haraka.

Lipo jingine linalodhoofisha mipango ya miaka mingi: kanuni za uhamiaji hazikai. Kanada ilianza mwaka 2023 kuita waombaji kwa makundi ya fani na ya lugha ya Kifaransa, na Machi 2025 ikafuta alama zilizokuwa zikitolewa kwa aliyeahidiwa kazi. Marekani ilitangaza Septemba 2025 malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B. Anayeanza PhD leo kwa kutegemea kanuni ya leo ataimaliza chini ya kanuni nyingine.

Tabibu ana neno fupi zaidi kuliko wote, na pengine ndilo lenye uhakika zaidi. Kwa daktari na muuguzi, mlango wa kazi ya nje hufunguliwa na leseni, na leseni hutolewa kwa mitihani ya nchi husika. Daktari anayekwenda Uingereza kwa njia ya kawaida hufanya PLAB, na anayekwenda Marekani hufanya USMLE. Muuguzi anayekwenda Marekani hufanya NCLEX. Ujerumani hudai Kijerumani cha kazini pamoja na uhakiki wa mafunzo, na daktari hupimwa lugha ya kitabibu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofutwa na PhD. "Nimeona mwenzetu ana PhD ya afya ya jamii," tabibu humwambia mhadhiri, "na bado alikaa chini kusoma fiziolojia kama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Daktari wa wodini asipoteze miaka."

Kwa tabibu swali gumu liko kwingine. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyokuwa na nchi 55 ilipotolewa upya mwaka 2023, ya mataifa yenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Uingereza imeitumia orodha hiyo kuwakataza mawakala wasiende kuwatafuta watumishi katika nchi hizo, ingawa mtu binafsi anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Kwa hiyo muuguzi wa Mwanza anayeahidiwa na wakala kuunganishwa na hospitali ya Uingereza ana sababu ya kushtuka. Na upo upande wa wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa wanaopanda kilima cha Bugando. Hoja hiyo haiwezi kuamuliwa kwa alama, wala si haki kumbebesha mtu mmoja mzigo wa taifa. Ila ni sababu mojawapo ya kuutazama ushirikiano uliopo: Würzburg ya Ujerumani, mji rafiki wa Mwanza tangu mwaka 1966, na Weill Cornell ya New York zote zina uhusiano wa kitabibu na Bugando, na tabibu mwenye moyo wa utafiti anaweza kupitia huko kwenda na kurudi huku akibakiza mguu mmoja nyumbani.

Hapo ndipo mtafiti wa samaki anapoingia, na mjadala unabadilika. Anaona wenzake wote wamezungumza kuhusu cheti na hakuna aliyezungumza kuhusu swali. PhD ni jibu la swali moja lililofuatwa hadi mwisho. Asiye na swali hana PhD ya kusoma, ana ada ya kulipa tu. Na maswali, anasema, watu wa Mwanza wanayo mlangoni.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Mwaka 1977 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililojulikana kwa kifupi HEST, lilianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa Ghuba ya Mwanza. Walikuwa vijana waliotoka mbali kuja kusomea hapa. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo michache kabla, aliongezeka kwa kasi, na furu wa aina nyingi wakatoweka mbele ya macho yao. Kazi ya kundi hilo, lililoongozwa kwa muda mrefu na Frans Witte, ilizaa tasnifu za uzamivu na kuifanya Ghuba ya Mwanza ijulikane na wanabiolojia wa dunia nzima. Tijs Goldschmidt, mmoja wao, aliandika kitabu juu ya mkasa huo mwaka 1994.

Upande wa afya nao una mfano wake. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza. Kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Watafiti wa afya ya jamii duniani kote wamelisoma jaribio hilo. Lilifanyika kwenye vituo vya kawaida vya vijiji vya hapa hapa.

Kazi yenyewe inafananaje? Alfajiri kwenye mwalo, boti zinapoingia, mtafiti humlaza sangara kwenye ubao wa kupimia, akasoma urefu wake toka mdomoni hadi mwisho wa mkia na kuandika kama amefika sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa kuvuliwa. Humpima uzito, humpasua, na kuhesabu kilichomo tumboni: furu wangapi, dagaa wangapi, uduvi kiasi gani. Hufanya hivyo kwa samaki mmoja baada ya mwingine, mwezi hadi mwezi, masika na kiangazi, huku mvuvi akimhimiza amalize kwa kuwa gari la kiwanda linasubiri. Anayeipenda kazi hiyo hahitaji kushawishiwa asome PhD. Na asiyeipenda, miaka mitano ya namna hiyo itamchosha kabla hajafika katikati.

"Mzungu alivuka bahari kulifuata swali hili," mtafiti humwambia mtakwimu. "Wewe umezaliwa juu yake, unataka kuvuka bahari kulikimbia." Anaongeza kwamba hata safari haihitaji kuwa ndefu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa mwaka 1994, lina makao yake Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Makerere iko upande wa pili wa maji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliweka msingi wa wafanyakazi wenye ujuzi kuvuka mipaka hiyo. Kwa kazi za kitaalamu za kikanda kama hizo PhD ina uzito mkubwa, kwa sababu wanaoshindania nafasi ni wachache na wote wanajuana kwa maandishi yao.

Hoja ya mtafiti ndiyo nzito kuliko zote, lakini ina tundu. Anachukulia kwamba kila mtu ana swali. Mtakwimu anamjibu kwa upole kwamba yeye hana, anapenda kazi yake na anataka ilipwe vizuri, na hilo si dhambi. Anasema kweli. Nchi haijengwi na watafiti peke yao, na mtu anayekiri kwamba hana swali amejiokoa na maumivu makubwa.

Mama mzazi amekaa akiwasikiliza. Wote wanamwita Mama, ingawa ni mmoja tu aliyemzaa. "Wanangu," anasema, "mmeongea vizuri. Ila hamjaniambia nani analipa, na mnakula nini." Maneno hayo machache yana uchumi wote wa suala hili. PhD ya nyumbani huandikwa miaka mitatu kwenye karatasi. Mhadhiri msaidizi anayefundisha madarasa makubwa huku akisoma huimaliza kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu vyuo vingi hudai pia makala zilizochapishwa kabla ya mahafali, na jarida linaweza kukaa na makala miezi mingi bila jibu. Katika miaka hiyo kuna wadogo wa kusomesha, kiwanja kilichonunuliwa Buswelu au Kisesa kinachosubiri msingi, na mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10 zilifutwa mwaka 2021, lakini deni lenyewe haliishi kwa kuvuka mpaka. Anayeondoka hubaki na wajibu wa kulilipa mwenyewe bila kukatwa na mwajiri.

Mama ana jambo jingine analolisema kwa mabinti tu. Miaka ya PhD, 28 hadi 34, ndiyo pia miaka ya kuzaa na kulea. Wanaume huijadili ratiba hii kana kwamba mwili hauna sehemu ndani yake, na washauri wengi wa masomo hawaiulizi kabisa. Kwa mwanamke mwenye mume au mtoto ipo kanuni ya kuizingatia: tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili wanaotoka nje kwenda na familia zao, ila wale wa shahada za utafiti, PhD ikiwemo, bado wanaruhusiwa. Na mwenye PhD ya huko huruhusiwa kubaki miaka 3 baada ya kuhitimu kutafuta kazi, muda mrefu kuliko wa shahada nyingine. Hapa, kwa mara ya kwanza katika kanuni za uhamiaji zilizotajwa, PhD inafungua njia ambayo uzamili umefungiwa.

Kanuni hiyo inaonyesha kasoro ya swali lenyewe kama linavyoulizwa mtaani. Swali hudhani kwamba PhD ni kitu kimoja na safari ni kitu kingine, na kimoja lazima kitangulie. Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark, anayesoma PhD kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba wa miaka mitatu au minne, mshahara wa kila mwezi, likizo na makato ya kodi. Ujerumani hutoa mikataba ya namna hiyo, mingi ikiwa ya sehemu ya muda. Marekani programu nyingi za sayansi hufuta ada na kumlipa mwanafunzi posho ya kufundisha au kusaidia utafiti, na mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia moja kwa moja. Nafasi hizi hutangazwa kama kazi, huombwa kama kazi, na zina usaili. Mtu akiipata moja, amehama kikazi na ameanza PhD kwa tiketi moja.

Kuipata kunahitaji ustadi ambao haufundishwi sana. Mwombaji husoma makala mbili tatu za profesa anayetaka kumwandikia, kisha humwandikia barua fupi: mimi ni nani, nimefanya nini kwa mikono yangu, na katika kazi yako ya mwaka fulani kuna jambo ambalo takwimu za Ghuba ya Mwanza zinaweza kulijibu. Barua inayoanza na salamu ndefu na kumalizia na ombi la ufadhili wowote husomwa mstari mmoja. Barua yenye takwimu hujibiwa mara nyingi zaidi, na hapa mtu aliyewahi kufanya kazi mwaloni, maabara au wodini ana kitu ambacho mwanafunzi wa Leiden au Uppsala hana. Mtafiti wa samaki na mtakwimu wanakutana hapa bila kutarajia: mmoja ana sampuli, mwingine anajua kuzichambua.

Ufadhili wa serikali na wa Jumuiya ya Madola una sharti lake. Tuzo za Jumuiya ya Madola humtaka aliyesomeshwa arudi nchini kwake. Wengi wanaokwenda Marekani kwa viza ya J-1 kwa ufadhili wa serikali hutakiwa kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi au viza ya H-1B. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo huwa amesaini kurudi kutumikia. Masharti haya ni ya haki, kwa kuwa fedha za umma hutolewa kwa ajili ya umma. Kosa ni kuyasaini ukiwa umeshapanga kutoyatimiza. Anayetaka kuhama kabisa aombe nafasi ya mkataba wa kazi na kuiacha tuzo hiyo kwa mwenye nia ya kurudi.

Mizani ya mjadala haikai sawa, na haifai kulazimishwa ikae sawa. Kwa tabibu na muuguzi wanaotaka kazi ya wodini nje, PhD haina kazi katika uamuzi. Leseni na lugha ndizo zinazoamua. Kwa mtakwimu, mhandisi, mhasibu au mtaalamu wa kompyuta anayekwenda kwenye kampuni, uzamili unatosha na kila mwaka wa kusubiri una gharama inayoonekana. Kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu au kuishi kwa utafiti, iwe Kampala au Copenhagen, PhD haikwepeki. Hapo mhadhiri ameshinda. Kinachobaki ni mahali pa kuisomea na mlipaji. PhD ya Mwanza yenye swali la ziwa au la afya ya kanda, msimamizi mwenye muda, mradi wenye fedha na mwenzi wa utafiti wa nje inaweza kumfikisha mtu mbali kuliko PhD dhaifu ya jina kubwa.

Aliyefika miaka 30 na uzamili mkononi aandike jina lake kwenye mtihani wa lugha mwaka huu huu, na mwaka huo huo awaandikie wasimamizi kumi wenye miradi inayolipa. Akipata mkataba, aende. Akikosa kwa misimu miwili na bado analo swali lisilomwacha alale, ajisajili nyumbani na alifanyie kazi hapa ziwani. Asipokuwa na swali hilo, afuate kazi kwa vyeti alivyonavyo. PhD ya kulipia mwenyewe kutoka mfukoni, isiyo na swali na iliyokusudiwa kuongeza uzito wa bahasha peke yake, isianzwe.